Kundi la Maji

"Weka kalamu chini, Deogratius. Niangalie."

Deogratius hakuiweka. Aliibana kati ya vidole kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, akamwangalia Dk. Salome machoni. Mbele yao, juu ya meza ndefu ya maabara ya kituo cha utafiti, vizimba vya panya weupe vilikuwa vimepangwa kwa makundi matatu. Wiki kadhaa zilizopita kila panya alichomwa sindano ya dawa ya kuvimbisha kwenye unyayo wa mguu wa nyuma, na miguu ikafura ikawa kama karanga mbichi zilizolowekwa. Tangu hapo kundi la kwanza lilinyweshwa diklofenaki kila asubuhi, ile ile wanayonunua madukani watu wenye maumivu ya viungo. Kundi la pili lilinyweshwa mzizi kutoka kijiji cha Misima: umesagwa, umelowekwa kwenye spiriti, umechujwa na kukaushwa hadi ukawa mweusi wa kunata kama lami, kisha ukayeyushwa. Kundi la tatu lilipewa maji matupu. Kazi yote ilisimama juu ya hilo la tatu. Miguu ya panya wa maji ilitakiwa ibaki imevimba, ili ya wengine ikinywea ijulikane kuwa ni dawa iliyofanya hivyo.

Ilikuwa imenywea yote.

"Mara ya kwanza nilisema dawa yetu ya kuvimbisha imeharibika," alisema Dk. Salome. "Nikaagiza nyingine, nikaleta na panya wengine. Leo tena, yale yale. Panya waliokunywa maji wamepona sawa na waliokunywa diklofenaki. Wewe umewahi kuona maji ya bomba ya Korogwe yakitibu baridi yabisi?"

"Sijawahi, Dokta."

"Nani anawanywesha?"

"Mimi."

"Mzizi ni wa nani?"

Hapo ndipo Deogratius alipoelewa anakopelekwa.

"Mzizi ni wa mama yangu. Nilikuambia tangu siku ya kwanza, sikuficha. Sasa sema tu unalotaka kusema."

Dk. Salome alikuwa mwanamke wa Lushoto, mkimya, asiyependa makelele. Alivuta kisahani cha kioo, akakisogeza mbele ya kijana. Ndani mlikuwa na maranda ya mbao yaliyotolewa chini ya vizimba, na katikati ya maranda chembechembe za unga wa kahawia, wenye nyuzinyuzi.

"Nimeuokota kwenye vizimba vya kundi la maji. Huu si wetu. Wetu ni kama lami. Huu umetwangwa kwa kinu, nyumbani kwa mtu. Nani katika kituo hiki anaweza kupata mzizi huu uliotwangwa nyumbani?"

"Ningetaka kumpendelea mama yangu, ningewapa dawa panya wa maji? Si ningewaacha wavimbe mpaka wapasuke, ili mzizi wake ung'ae?"

"Mtu anayeingia kwa kujificha, ana haraka, anaweza kukosea kizimba. Labda ulitaka kuwaongezea wale wa mzizi."

"Mimi nikosee kizimba?" Alicheka kicheko kibaya. "Dokta, niite mwizi, nitakasirika. Lakini usiniite mzembe."

"Punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo niliyobakiwa nayo hapa ndani."

Dk. Salome alivua miwani, akayafuta macho. Kwa kitambo alionekana amechoka tu, si mkali. "Nina panya wa kurudia mara moja, basi. Jumatatu uje na maelezo. Usipokuja nayo, nitaandika kwamba mzizi wa Misima haukuonyesha tofauti yoyote na maji. Na wewe hutaingia tena chumba hiki."

Deogratius alitoka bila kuaga. Lakini alipofika getini hasira ya jina lake ilikuwa imeshapitwa na jambo lingine, zito zaidi: *haukuonyesha tofauti yoyote na maji*. Aliyajua maneno hayo yangefanya nini Misima.

Mama yake, Getruda, alikuwa mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge. Mzizi hakuurithi kwa wazazi wake. Alipewa na mama mkwe wake, Mzigua, aliyemfundisha wapi pa kuchimba na namna ya kuchimba. Kwa miaka mingi watu wenye magoti na vifundo vilivyovimba walikaa kwenye benchi la uwanjani kwake wakisubiri kikombe. Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa Mkata alikunywa, akatapika njia nzima akirudi kwake, akalalamika. Serikali ya kijiji ikamwambia Getruda asimame kwanza, mpaka wataalamu waseme. Deogratius ndiye aliyesema, mbele ya watu, kifua mbele: "Wataalamu ni sisi. Leteni kwetu." Kipimo cha kwanza, cha kuangalia kama ni sumu, kilipita salama. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba inafanya kazi. Kikishindikana, benchi lile lisingekaliwa tena, na mama yake angebaki na jina la tapeli aliyenywesha watu maji ya mizizi.

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda kwenda Makuyuni, kwa Mzee Simeo, mtunza panya wa kituo. Alitaka shahidi. Simeo ndiye aliyebeba funguo, aliyesafisha vizimba na kubadilisha maranda, na wote pale kituoni walimwamini kama saa ya ukutani. Akisema, "Kijana huyu sijamwona akiingia saa zisizo zake," Dk. Salome angesikia.

Alimkuta Rosina, mke wa Simeo, ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi, miguu ameinyoosha mbele. Goti la kulia lilikuwa limevimba tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Mwenzio yuko nyuma anafunga mbuzi. Mama Misima hajambo?"

"Hajambo kidogo. Na goti hilo? Si lilikuwa limepona?"

"Lilipona!" Rosina aliutupa mgunzi wa hindi kwenye rundo kwa nguvu. "Nilikuwa natembea mpaka sokoni na kurudi. Sasa muulize mzee wako. Muulize panya wake."

"Panya gani?"

"Si hao wenu weupe, wana wa mfalme! Dawa aliyonipa mama yako, mfuko mzima, mimi nimekunywa nusu. Nusu nyingine inakunjwa kwenye vitonge vya ugali, inapelekwa kituoni. Naumwa mimi, anatibiwa panya! Nimeolewa na mtu gani mimi, Deo?"

Deogratius alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake.

Mzee Simeo alitokea pembeni mwa nyumba, kamba mkononi. Aliwaangalia wote wawili, akajua. Hakujaribu kukana.

"Rosina, una mdomo."

"Na nina goti!"

"Mzee Simeo," Deogratius alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, "umefanya nini?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Naitwa mwizi kwa ajili yako. Niambie nimesimama."

Simeo aliketi yeye, chini, akaweka kamba magotini. "Unakumbuka siku mama yako alipoleta mizizi? Ulicheka."

Alikumbuka. Getruda alifika kituoni na kifurushi cha kaniki, na Deogratius alipoinyoosha mikono kukipokea, akamsukuma. "Dawa ikitoka kwa mama ikaingia mkononi mwa mwanawe huo ni urithi," alisema, "na mimi sijafa." Akaangaza huku na huku, akamwona Simeo getini na ndoo ya chakula cha panya, akamwita kando. Walinong'onezana. Getruda alimimina maji juu ya mikono ya yule mzee kutoka kwenye chupa, kisha akamkabidhi. Deogratius aliona ni kichekesho cha akina mama wa shamba. Aliwasimulia wenzake chai ya saa nne.

"Alinipa na mwiko wake," Simeo alisema. "Kwamba dawa hii ikiwa chini ya paa, mgonjwa wa ugonjwa huu aliye chini ya paa hilo hanyimwi. Awe mgeni, awe adui yako, hanyimwi. Ukimnyima, inakufa kwa wote, hata kwa wale iliokwisha kuwaponya. Nikaapa. Rosina alikuwa ameanza kusimama kwa dawa yake ya kwanza, Deo. Ningekataaje? Na alinipa mfuko wa Rosina palepale."

"Wale ni panya, mzee!"

"Ndiyo, ni panya. Lakini ni wewe uliyetukusanya ukatueleza. Ukasema, tumewatia ugonjwa ule ule wa watu, miguu yao inauma kama goti la mtu. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Wenye diklofenaki wana dawa yao. Wenye mzizi wana yao. Hawa wa tatu kila asubuhi mnawashika, mnawafungua midomo, mnawapa maji. Wanadhani ni dawa. Mimi ndiye ninayefagia chini yao. Wanakokota miguu. Na dawa imo kwenye friji, hatua mbili kutoka hapo." Alifunua viganja vyake. "Sikukusudia kuharibu kitu. Niliogopa nikinyima, mzizi wa mama yako ungekufa palepale kituoni, na wewe ungeaibika."

Rosina alikuwa ameacha kupukuchua. Alimwangalia mumewe kwa namna nyingine, kama vile wivu wake kwa panya umemwisha ghafla. Deogratius aliuma meno. Alitaka kupiga kelele, akakosa pa kuanzia. Mzizi ulikuwa umefanya kazi. Umefanya kazi kwa wote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuuona.

"Nikimwambia Dokta," alisema, "utafukuzwa."

"Najua."

"Nisipomwambia, mama yangu ni tapeli na mimi ni mwizi."

"Najua hilo pia. Mwambie. Lakini usiniambie nirudi nikawanyime. Hilo siwezi. Labda mama yako anifungulie kiapo."

Hakungoja hata chai. Dereva wa bodaboda aliyemleta alikuwa bado yuko barabarani, na Deogratius akamwambia, "Misima." Yule kijana akamwuliza kama anajua umbali wa Misima. "Najua," alisema, "kwetu huko. Washa."

Walifika mchana, wamejaa vumbi jekundu. Getruda alikuwa chini ya ukingo wa paa akimenya mihogo. Benchi la uwanjani lilikuwa tupu, isipokuwa kwa mwanaume mmoja wa makamo, vifundo vimemvimba hadi kandambili zimekatwa mikanda ili ziingie. Alikuwa anajiandaa kuondoka.

"Sina, baba," Getruda alikuwa akimwambia. "Sijachimba. Ingekuwamo ndani ningekupa hata kama wangenifunga. Ndiyo maana sichimbi."

Yule mtu aliinuka kwa mikono, akashukuru, akaenda zake taratibu kama anayetembea juu ya miba. Getruda alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye mahindi. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Wewe nimesikia hasira yako tangu barabarani. Salamu umeiacha Korogwe?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simeo kafanya nini?"

"Umejuaje ni Simeo?"

"Mtu mwingine yupi mwenye dawa yangu?"

Alimweleza yote, akitembea huku na huko, mikono ikiruka. Getruda aliendelea kumenya. Alipofika kwenye vitonge vya ugali, kisu kikasimama, na usoni mwake kukapita kitu kinachofanana na fahari.

"Amekishika kiapo," alisema.

"Amekushika shingo, mama! Mfungulie. Sema neno moja tu, 'Simeo, nimekufungulia,' nimpelekee, turudie kipimo, watu wako warudi kwenye benchi."

"Simfungulii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata mimi sijafunguliwa. Bibi yako alikuwa na mke mwenza aliyemwibia mume na ng'ombe. Akavimba miguu. Bibi yako alimnywesha kwa mkono wake, huku analia kwa uchungu, akatoka nje akatapika. Alinionyesha na mahali alipotapikia. Sasa mimi nikamfungulie Simeo kwa sababu Daktari ana kipimo?"

"Daktari yuko sawa," Deogratius alisema kwa ukali. "Bila wale wa maji hatujui kitu. Labda miguu ingepona yenyewe. Labda ni hali ya hewa. Labda ni wewe na uso wako, watu wanaona aibu kuendelea kuumwa mbele yako! Lazima awepo asiyepewa. Mimi naamini hivyo. Nimesoma, na nimeona, na naamini."

"Sikusema huamini."

"Na yule aliyeondoka sasa hivi? Huyo si umemnyima?"

Getruda aliokota muhogo mwingine, akaugeuza mkononi bila kuumenya. Kuku walikuja kuchakura maganda, hakuwafukuza.

"Rudisha mzizi wangu," alisema mwishowe, lakini bila nguvu.

"Nikiurudisha, yule mtu harudi tena hapa, na wa nyuma yake harudi."

Mama yake akaweka kisu chini.

"Haya. Kama lazima mtu anyime, usimtwishe Simeo. Yeye hakutaka kujua kitu, alitaka mke wake atembee. Anayetaka kujua ndiye anyime. Nyima wewe, ambaye hukuapa; haitakufa."

"Nitanyima."

"Sikiliza kwanza kabla hujavimbisha kifua. Aliyewahi kuinyima hairithi. Nikifa hutachimba. Nikiugua hutanichimbia. Nitamfundisha mtoto wa dada yangu, Glory, na wewe hutakuwepo nikimfundisha. Si kwamba nakuadhibu. Ndivyo ilivyo."

Deogratius alikuwa mtoto wake pekee. Tangu utotoni aliambiwa siku moja atapelekwa porini asubuhi na mapema, na alijigamba nayo shuleni wenzake walipojigamba na baiskeli za baba zao. Hata alipokwenda kusomea maabara, alikuwa akijiona kama mtu atakayeushika mzizi kwa mikono miwili, wa mama yake na wa wasomi. Alimwangalia mama yake akitafuta mahali pa kumbembeleza. Hapakuwa na mahali.

"Nimesikia," alisema.

"Umekula?"

"Sina njaa."

Jumatatu alimkuta Simeo amemtangulia. Yule mzee alikuwa amesimama mlangoni kwa Dk. Salome, kofia mkononi, amekwisha kusema yote. Dk. Salome alikuwa amekaa, kiganja kimefunika mdomo, na Deogratius hakuweza kujua kama anacheka au anataka kulia.

"Vitonge vya ugali," alisema.

"Kila jioni, Dokta," Simeo akajibu. "Vidogo."

"Awamu mbili za panya, Mzee Simeo. Miezi yangu."

"Ndiyo, Dokta. Ndiyo maana nimekuja na funguo."

Aliziweka mezani. Dk. Salome alizisukuma upande wa Deogratius. "Nenda bustanini, mzee. Kuna miche inataka mtu mwenye huruma. Huko unaweza kumpa kila mmoja maji, hutaharibu kitu." Simeo alipotoka, akamgeukia kijana. "Wewe nilikukosea."

"Ulinikosea, Dokta."

"Ungeweza kusema hakuna neno."

"Lipo neno."

Dk. Salome alikubali kwa kichwa. "Kwa hiyo huenda mzizi unafanya kazi."

"Unafanya kazi."

"Hiyo ni hadithi ya Simeo. Bado si matokeo. Nani atawatunza sasa? Nikileta mtu mpya atahitaji kufundishwa."

"Mimi," Deogratius alisema. "Nitawanywesha, nitawafagilia na nitawapima. Wewe ukague. Mtu mwingine asiingie."

Kipimo cha mwisho kikaanza. Asubuhi alianza na diklofenaki, akafuata mzizi, akamalizia na maji. Aliwashika mgongoni kwa namna aliyofundishwa, akaingiza kijibomba taratibu, akasukuma sirinji. Panya wa maji walimeza kama wengine. Mwanzoni hakuona tofauti, akasema moyoni kwamba Simeo alikuwa mzee mwenye moyo laini. Kisha miguu ya kundi la mzizi ikaanza kunywea. Ya kundi la maji ikabaki imetuna, ngozi imeng'aa na kuwa nyekundu kama ndani ya mdomo. Waliacha kupanda wavu kufuata chakula. Walikaa kona moja, mguu mmoja umeinuliwa, wakimwangalia.

Aliwawekea chakula chini ili wasipande. Dk. Salome alipoona akamwuliza kama makundi mengine nayo chakula kimewekwa chini. Hakikuwekwa. Ikabidi akishushe cha wote, kisha aandike hilo kwenye kumbukumbu. Alifanya kwa hasira, na hakujua amemkasirikia nani.

Kila alipopima unene wa mguu kwa kile kibanio cha chuma, alikuwa mwangalifu kuliko ilivyotakiwa. Panya mmoja wa maji alikuwa akilia kabla hajaguswa, anaposikia tu kizimba kikifunguliwa. Deogratius alijifunza kumpima wa kwanza, ili asiwasikie wengine wakishughulikiwa huku akingoja. Friji ilikuwa nyuma yake. Siku moja aliifungua, akatazama chupa ya mzizi, akaifunga. Alikaa kwenye stuli, akajitukana kwa sauti, yeye na ukoo wake mzima wa wakata mkonge, kisha akainuka akaendelea na kazi.

Mwishowe matokeo yalikuwa wazi, hayakuhitaji kubishaniwa. Diklofenaki ilishusha uvimbe sana. Mzizi wa Misima uliushusha kwa zaidi ya nusu. Maji hayakushusha kitu. Dk. Salome aliyasoma mara mbili, akampa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Huu sasa ni ushahidi," alisema. "Tutahitaji mizizi zaidi, mingi. Tukitenganishe kilichomo ndani." Kama kanuni inavyotaka, panya wote waliuawa kipimo kilipokwisha. Deogratius hakumwachia mtu kazi hiyo.

Alipokwenda Misima na barua ya kituo, habari ilikuwa imeshamtangulia. Serikali ya kijiji ilikuwa imepigiwa simu, na benchi lilikuwa limejaa. Wengine walikaa chini, juu ya magunia, miguu wameinyoosha. Walimsalimia kwa shangwe.

"Huyo ndiye mtoto wake! Kasimama na wakubwa huko Korogwe!"

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," aliwapitia mmoja mmoja, kifua kikimjaa. Alikuwa ameshinda. Alitaka kulisema mbele ya kila mtu.

Getruda alikuwa jikoni, sufuria kubwa motoni, na kando yake Glory, binti mrefu mwenye kilemba cha bluu, akikoroga. Alipomwona Deogratius anaingia, Getruda aliifunika kwa kanga yake mizizi iliyokuwa juu ya ungo. Alifanya hivyo bila haraka, kama anavyofanya mtu anayefunika chakula nzi wasitue.

"Hao wa maji?" aliuliza.

"Walivimba mpaka mwisho."

"Wako wapi?"

"Wamekufa. Wote wamekufa, hata waliopona. Ndivyo kanuni ilivyo."

Glory aliacha kukoroga. Getruda akamgusa kiwiko, naye akaendelea kukoroga.

"Mama, unafanya kazi. Zaidi ya nusu! Nimepima mwenyewe, Dokta amekagua. Sasa hakuna mtu duniani atakayekuita tapeli. Dokta anaomba mizizi mingine, gunia—"

"Mwambie hapana."

"Mama!"

"Mwambie aje hapa, akae kwenye benchi, awapime hawa wanavyokunywa. Mlango uko wazi, chai ipo. Kwenye vizimba haiendi tena."

"Mimi ndiye niliyekurudishia benchi hili!" Sauti yake ilipanda mpaka nje wakanyamaza. "Mimi! Unajua nilichokaa nikakitazama mle ndani? Kila asubuhi? Unajua?"

"Najua, mwanangu," Getruda alisema. "Ndiyo maana nimekupikia."

Alimpa sahani. Ugali, mlenda, na kipande kikubwa cha kuku aliyechinjwa siku ile, paja, ambalo katika nyumba ile hupewa mgeni. Kisha akamwonyesha kwa kidevu mlango wa nje, kwa upole, akangoja.

Deogratius alitoka na sahani. Uwanjani walimsogezea nafasi kwenye benchi, mgonjwa mmoja kutoka Mkata upande mmoja, bibi mgeni aliyefika punde upande mwingine. Nyuma yake alimsikia mama yake akianza kumweleza Glory jambo, kwa sauti ya chini, na alijizuia asigeuke kusikiliza. Bibi alimkaribia, akamgusa goti.

"Na wewe baba, linakuuma lipi?"

"Siumwi, bibi," alisema. Akanawa mikono kwenye kopo walilompitishia, akaanza kula.